Kupanga uzazi: namna ya kuchagua njia inayofaa mwili wako na maisha yako

Kuko swali moja ambalo wauguzi wa vituo vya afya wanaulizwa karibu kila siku: « Njia gani ya planingi iko muzuri kuliko zote? » Jibu ni fupi: hakuna njia moja iliyo nzuri kwa wamama wote. Sindano inaweza kumfaa mama moja na kumsumbua jirani yake. Vidonge vinafaa kwa mtu anayekaa karibu na kituo, lakini mkulima anayelala shambani juma nzima anaweza kuvisahau. Na hapa kwetu mashariki mwa Kongo, kuko jambo lingine ambalo vitabu vingi havilisemi: unaweza kuamka asubuhi ukiwa nyumbani, na jioni ukawa njiani na mzigo kichwani.

Kwa hiyo njia nzuri ni ile ambayo mwili wako unaikubali, unayoweza kuendelea nayo katika maisha unayoishi kweli, na unayoweza kuiacha siku utakapotaka. Makala hii inaeleza njia zinazopatikana, nguvu ya kila moja, shida zake, na mambo ya kuuliza mbele ya kukubali.

Kupanga uzazi maana yake nini?

Kupanga uzazi ni kuamua wakati wa kuzaa, watoto wangapi, na nafasi gani kati ya mtoto na mtoto. Si kukataa watoto. Wazee wanakumbuka jina « Naissances Désirables », lililosikika tangu miaka ya 1970, wakati nchi iliitwa Zaire. Maana yake ni uzazi unaotakiwa. Siku hizi watu wengi wanasema tu « kufanya planingi ».

Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mama aliyejifungua angoje angalau miezi 24 mbele ya kubeba mimba nyingine. Kama mimba ilitoka, angoje angalau miezi 6. Sababu zinaonekana wazi katika vijiji vyetu. Mama anayezaa kila mwaka anakosa wakati wa kurudisha damu na nguvu. Mtoto anayeachishwa ziwa haraka juu mama amebeba mimba nyingine anaweza kupata bwaki.

Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa nchini mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kongo alikuwa anazaa watoto 6,6 kwa wastani. Wanawake walio na bwana waliotumia njia za kisasa walikuwa karibu 8 tu kwa mia. Lakini 28 kwa mia walitaka kupumzika ao kuacha kuzaa, na hawakuwa na njia yoyote. Hao ndio makala hii inawahusu kwanza.

Maswali sita ya kujiuliza mbele ya kwenda kituoni

1. Ninataka kupumzika muda gani? Miezi sita, miaka mitatu, ao nimemaliza kuzaa? Mama anayetaka mtoto mwaka ujao asichague sawa na yule ambaye watoto saba wanamtosha.

2. Nina ugonjwa gani, na ninameza dawa gani? Tansio, kifua kikuu, UKIMWI, kifafa, ugonjwa wa ini, kichwa kikali kinachokuja na kuona mwanga machoni: yote inapashwa kusemwa. Sema pia kama unavuta sigara.

3. Ninanyonyesha? Mtoto ana miezi mingapi?

4. Nitaweza kurudi kituoni mara ngapi? Fikiria umbali, pesa ya motari, mvua, usalama wa barabara.

5. Kuko watu nyumbani ambao sitaki waone? Vidonge vinaonekana. Kijiti kinaweza kuguswa chini ya ngozi. Sindano haiachi alama.

6. Niko katika hatari ya kuambukizwa UKIMWI ao magonjwa mengine ya zinaa? Kama ndiyo, kondomu inapashwa kuwamo, hata kama una njia nyingine.

Ukiwa na majibu ya maswali haya, mazungumzo na muuguzi yatachukua dakika chache, na hautachagua kwa kufuata tu rafiki yako.

Njia zinazopatikana, moja moja

*Kijiti (implanti).* Ni fimbo ndogo laini, moja ao mbili, inayowekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu. Jadelle ina vijiti viwili na inafanya kazi miaka 5. Implanon ina kijiti kimoja. Kwa kawaida kituo kinaandika miaka 3. Kuiweka kunachukua dakika chache, kwa dawa ya ganzi. Ikitolewa, uwezo wa kubeba mimba unarudi haraka. Shida yake kubwa ni damu ya mwezi kubadilika: inaweza kuja kidogo kidogo siku nyingi, ao kupotea kabisa. Hiyo si ugonjwa, lakini inachosha, na ndiyo sababu wamama wengi wanaomba itolewe. Mama anayemeza rifampisini ya kifua kikuu, ao efavirenzi ya UKIMWI, amwambie muuguzi, juu dawa hizo zinapunguza nguvu ya kijiti. Dolutegraviri, ambayo wagonjwa wengi wa UKIMWI wanapewa leo, haileti shida hiyo.

*Kitanzi (sterile).* Ni kifaa kidogo cha plastiki na shaba kinachowekwa ndani ya tumbo la uzazi. Hakina homoni. Kinaweza kukaa miaka 10 ao zaidi, na kinaweza kutolewa siku yoyote. Kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 nyuma ya kujifungua, ao nyuma ya juma nne. Miezi ya kwanza damu ya mwezi inaweza kuwa nyingi na tumbo kuuma zaidi. Kwa wengi inapungua nyuma ya miezi mitatu mpaka sita. Kama mama ana ugonjwa wa zinaa wakati huo, atibiwe kwanza. Kwa mama mwenye tansio asiyeweza kutumia homoni fulani, kitanzi ni chaguo zuri.

*Sindano.* Depo inadungwa kila miezi 3. Kuko pia Sayana Press, dawa ya namna ileile katika kifaa kidogo chenye sindano fupi, inayodungwa chini ya ngozi. OMS inakubali kwamba mwanamke aliyefundishwa anaweza kujidunga mwenyewe. Sindano ni ya siri, na dawa za UKIMWI ao za kifua kikuu hazipunguzi nguvu ya Depo. Lakini jua mambo mawili. La kwanza, damu ya mwezi inabadilika, na wengine wanaongezeka uzito. La pili, ukiiacha, mimba inaweza kuchelewa: kwa wastani karibu miezi 10 nyuma ya sindano ya mwisho. Uwezo wa kuzaa haupotei, unachelewa tu. Kwa hiyo kama unataka mtoto hivi karibuni, fikiria njia nyingine. Mama anayenyonyesha kwa kawaida anaanza sindano mtoto akiwa na juma sita.

*Vidonge (pilile).* Vinamezwa kila siku, saa ileile. Kuko aina mbili. Vidonge vya homoni mbili havimfai mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, mwenye tansio ya 14/9 ao zaidi, anayevuta sigara akiwa na miaka 35 ao zaidi, ao mwenye kichwa kikali cha upande mmoja kinachotanguliwa na mwanga machoni. Vidonge vya homoni moja vinamfaa mama anayenyonyesha, lakini saa inapashwa kuheshimiwa zaidi. Ukisahau kidonge kimoja cha homoni mbili, kimeze mara tu unapokumbuka na uendelee. Ukisahau siku tatu ao zaidi, meza kimoja mara moja, endelea, na utumie kondomu siku 7. Faida ya vidonge ni kwamba unaviacha mwenyewe, bila kuomba mtu yeyote.

*Kondomu (kapoti).* Kuko ya wanaume na ya wanawake. Ndiyo njia peke yake inayozuia mimba na pia UKIMWI na magonjwa mengi ya zinaa. Haihitaji muganga. Inapashwa kuwa mpya kila mara. Usitumie iliyopita tarehe ao iliyokaa muda mrefu kwenye jua ao mfukoni, na usiivae mbili pamoja. Shida yake inajulikana: inahitaji watu wawili kukubaliana, kila mara.

*Kunyonyesha.* Ni njia ya kweli, lakini kwa masharti matatu yote pamoja: mtoto ana chini ya miezi sita, ananyonya ziwa peke yake, mchana na usiku, bila uji wala maji, na mama hajaona mwezi tangu ajifungue. Sharti moja likivunjika, tafuta njia nyingine siku hiyohiyo. Wengi wanashika mimba hapa, juu wanafikiri kunyonyesha peke yake kunatosha hata mtoto akiwa na mwaka moja.

*Kuhesabu siku.* Mkufu wa shanga za rangi unasaidia kujua siku za hatari. Unamfaa mama ambaye mwezi wake unarudi kila siku 26 mpaka 32 bila kugeukageuka. Siku ya kwanza ya damu ni siku ya 1. Kuanzia siku ya 8 mpaka ya 19, bibi na bwana wanajizuia ao wanatumia kondomu. Njia hii haina dawa, na wengi wanaichagua juu ya imani yao. Lakini bwana asipokubali kungoja siku hizo, njia haipo tena.

*Kufunga uzazi.* Ni operesheni ndogo kwa mwanamke ao kwa mwanaume, na ni ya mwisho: mtu asiikubali akifikiri atafunguliwa kesho. Kwa mwanaume ni nyepesi zaidi, na haiondoi nguvu za kiume. Lakini wangoje miezi 3, wakitumia njia nyingine, mbele ya kuitegemea. Usikubali kuulizwa jambo hili ukiwa katikati ya uchungu wa kuzaa. Linapashwa kuzungumzwa mbele, na akili imetulia.

*Kidonge cha dharura.* Kinamezwa nyuma ya kukutana bila kinga, ao kondomu ikipasuka. Kimeze haraka iwezekanavyo. Kinaweza kusaidia mpaka siku 5, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Hakitoi mimba ambayo imekwisha kuingia. Kisiwe njia ya kila juma, juu nguvu yake ni ndogo kuliko njia nyingine. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazuia vizuri zaidi, na kinabaki kuwa njia yako.

Kila njia inazuia kwa nguvu gani?

Tuchukue wanawake 100 wanaotumia njia moja kwa mwaka mzima, sawa vile watu wanavyoitumia kweli, pamoja na kusahau na kuchelewa.

- Kijiti, kitanzi, kufunga uzazi: chini ya 1 anashika mimba.
- Sindano: karibu 4.
- Vidonge: karibu 7.
- Kondomu ya mwanaume: karibu 13.
- Bwana kujitoa mbele ya kumwaga: karibu 20.
- Bila njia yoyote: karibu 85.

Angalia vizuri hesabu hii. Vidonge vikimezwa bila kusahau vinazuia karibu kabisa. Wale 7 wanatokana zaidi na siku zilizosahauliwa na dawa iliyoisha. Ina maana kwamba nguvu ya njia inategemea dawa, na inategemea pia maisha ya mwenye kuitumia.

Kama barabara inafungwa ao unakimbia

Mwanzoni mwa 2025, watu wengi waliokuwa katika kambi za kandokando ya Goma walilazimika kuondoka kwa siku chache. Fikiria mama ambaye tarehe yake ya sindano ilianguka katika juma hilo. Jambo kama hilo limetokea mara nyingi, Masisi, Rutshuru, Beni, Djugu, Fizi. Kwa hiyo, mtu anayeishi fasi isiyo tulivu afikirie mambo haya:

Njia za muda mrefu, kijiti na kitanzi, zinasafiri pamoja na wewe. Hazihitaji kituo kila mwezi. Lakini siku moja zitahitaji mtu anayejua kuzitoa. Uliza mbele: « Nikihama, nani anaweza kunitolea? » Hospitali kuu ya zone ya afya ndiyo fasi ya kwanza ya kujaribu.

Sindano inaweza kupewa juma mbili mbele ya tarehe. Kama unasikia habari mbaya ao unajiandaa kwa safari, nenda mapema. Na kama umechelewa, usikate tamaa: OMS inasema Depo inaweza kutolewa mpaka juma nne nyuma ya tarehe bila masharti mengine. Zaidi ya hapo, muuguzi ahakikishe kwanza kwamba hauna mimba, na utumie kondomu siku 7.

Kama unameza vidonge, omba pakiti za miezi kadhaa kwa mara moja, kituo kikiwa nazo. Weka pakiti moja katika mfuko ule unaobeba kitambulisho.

Andika tarehe. Fishi ya planingi inapotea haraka kuliko kitu chochote. Piga picha yake na simu, ao andika katika kitabu cha mtoto: aina ya njia, siku ilipowekwa, siku inapokwisha. Kijiti kilichopita tarehe hakikuletei sumu mwilini, lakini hakizuii tena mimba. Tumia kondomu mpaka upate mtu wa kukitoa.

Usikubali mtu akate mkono wako nyumbani na wembe kusudi atoe kijiti. Kuko mishipa karibu, na uchafu unaweza kuleta usaha na pepopunda.

Nyuma ya kubakwa

Tunasema jambo hili wazi, juu linatokea na wakati ni mfupi. Mtu aliyebakwa afike kwenye kituo cha afya ao hospitali mbele ya saa 72 kupita, yaani siku tatu. Ndani ya muda huo anaweza kupewa dawa za kuzuia UKIMWI, kidonge cha kuzuia mimba, na dawa za magonjwa ya zinaa. Wauguzi wanaziita kiti PEP. Kwa mimba, kidonge kinaweza bado kusaidia mpaka siku ya tano. Hata kama saa 72 zimepita, aende: matibabu mengine yangalipo, na kuzungumza na mtu aliyefundishwa kunasaidia. Hapashwi kwanza kutafuta karatasi ya polisi kusudi atibiwe.

Maneno yanayosemwa mtaani

« Planingi inafunga tumbo milele. » Hapana, isipokuwa operesheni ya kufunga uzazi. Sindano inachelewesha, kisha uzazi unarudi.

« Kijiti kinatembea mpaka kwenye moyo. » Kikiwekwa vizuri kinabaki fasi kilipowekwa, na wewe mwenyewe unaweza kukigusa. Kama haukisikii tena kwa vidole, rudi kituoni wakiangalie.

« Kama damu haitoki, inajaa tumboni. » Hakuna damu inayojaa. Homoni inafanya ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kutoka.

« Mwanamke wa planingi anatembea na wanaume. » Njia haimfundishi mtu tabia. Wengi wanaofika kwenye planingi ni wamama wa nyumba, wenye bwana na watoto.

« Kujiosha ndani na maji ya chumvi kunatosha. » Hapana. Mbegu zinapita haraka kuliko maji, na chumvi inaumiza mwili.

Bwana, bibi na sheria

Ni vizuri watu wa nyumba moja wazungumze. Bwana anayeelewa anamkumbusha bibi tarehe, analipa motari, anavumilia siku ambapo damu inageuka. Baba, fika kituoni pamoja naye. Kuko pia njia mbili zinazokuhusu wewe mwenyewe, kondomu na kufungwa.

Lakini wakati mwingine mazungumzo yanakwama. Hapo ni vizuri kujua sheria inasema nini. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, juu ya afya ya watu wote, inampa mtu mwenye umri wa kuzaa haki ya kupata njia ya kupanga uzazi, kwa kukubali kwake mwenyewe. Kwa watu waliooana kisheria, inaomba bibi na bwana wakubaliane juu ya njia. Wasipokubaliana, sheria hiyo inasema kwamba mapenzi ya yule anayehusika na njia ndiyo yanatangulia. Kwa maneno mengine, kama kijiti kinaingia katika mkono wa mama, neno la mwisho ni la mama. Sheria haizuii ugomvi wa nyumbani, na kila mama anajua hatari ya kwake. Kama kuko tisho la kupigwa, mwambie muuguzi peke yake. Anapashwa kutunza siri, na anaweza kukusaidia kuchagua njia isiyoonekana.

Na vijana wasio na ndoa? Mwili wa msichana hauharibiwi na kijiti, vidonge ao kondomu juu tu hajazaa bado. Mimba ya miaka 15 ndiyo yenye hatari kubwa.

Kwenye kituo: mambo ya kudai bila kuona haya

Muuguzi mzuri anakuuliza maswali, anakupima tansio, anakuonyesha njia zaidi ya moja, kisha anangoja wewe useme. Kama anakuambia tu « leo tuko na kijiti, leta mkono », mwambie unataka kusikia nyingine pia. Kama njia unayotaka imekwisha, uliza itafika lini ao kituo gani cha jirani kinayo. Relai komunotere (RECO) wa mtaa wako mara nyingi anajua.

Usirudishwe nyumbani juu tu hauko katika siku za mwezi. OMS imetoa maswali machache ambayo muuguzi anaweza kutumia kuhakikisha hauna mimba, hata bila kipimo. Majibu yakiwa sawa, unaweza kuanza siku hiyohiyo, pamoja na kondomu siku 7 kwa njia za homoni. Kitanzi cha shaba kinazuia mara moja.

Uliza mambo haya matano mbele ya kukubali:

- Njia hii itafanya nini kwa damu yangu ya mwezi?
- Nikitaka kuiacha, nitafanya namna gani, na nitalipa ngapi?
- Nikitaka mtoto, itachukua muda gani?
- Dalili gani zinapashwa kunirudisha haraka?
- Tarehe ya kurudi ni gani? Niandikie.

Swali la pili linasahauliwa sana. Mahali pengi kijiti kinawekwa bure wakati wa kampeni, kisha mama anakuja kukitoa peke yake na kuambiwa « muda haujaisha ». Hiyo si sawa. Kutolewa ni sehemu ya huduma, hata nyuma ya mwezi moja, hata kama sababu ni kwamba tu haukitaki tena. Muuguzi anaweza kukueleza na kukutibu damu inayosumbua, lakini hana ruhusa ya kukulazimisha. Wakikataa, nenda kwa muuguzi mkuu wa kituo (IT), kisha kwenye hospitali kuu ao ofisi ya zone ya afya.

Rudi haraka ukiona hivi

- Unatumia vidonge, na mguu mmoja unavimba na kuuma, kifua kinauma, ao kichwa kikali kinakuja na macho kufifia.
- Una kitanzi, na tumbo la chini linauma sana pamoja na homa ao uchafu unaonuka.
- Fasi ya kijiti inavimba, ina joto ao inatoa usaha.
- Mwezi umekosa na tumbo linauma upande mmoja: inaweza kuwa mimba iliyoingia fasi isiyo yake, na hiyo inaua.
- Damu nyingi kuliko kawaida, inayokufanya uone kizunguzungu.

Kama njia ya kwanza haikufai

Kubadilisha njia si kushindwa. Mwili ukikataa sindano, unaweza kukubali kitanzi. Mama aliyechoka na vidonge anaweza kuhamia kijiti. Kosa ni kuacha kimya kimya na kubaki bila kinga, juu mimba inaweza kuingia hata mbele ya kuona mwezi wa kwanza. Jipe miezi mitatu, kama hakuna dalili ya hatari kati ya zile tulizotaja, juu shida ndogo nyingi zinapungua zenyewe. Hata hivyo, ukitaka kuiacha mapema, ni haki yako. Na mbele ya kuacha njia moja, ukamate nyingine, hata kama ni kondomu za juma mbili.